Lokombe Ndani ya Ordinatere

Katika kitabu hiki wengine wameandika juu ya ndoa, juu ya majina, juu ya vyakula vya kwetu. Sisi tumeombwa kuandika juu ya sauti. Tutaeleza namna tulivyoingiza ngoma yetu lokombe ndani ya ordinatere, namna tulivyoiharibu, na mambo ambayo mzee mmoja alitufundisha kabla hajaaga dunia. Hatuandiki ili tujisifu. Makosa yalikuwa yetu wenyewe, na tunayaeleza ili vijana wengine wasiyarudilie.

Sisi tulikuwa watu wanne wa Tunda: walimu wawili, muuguzi mmoja, na kijana mmoja wa koro. Mwaka 2010 tulipata ordinatere ya mkono wa pili kutoka Kindu. Tulikuwa na mikro moja ya kuimbia, kaske moja ya kusikilizia, na grupe ndogo ya kuchoma esansi. Studio yetu ilikuwa chumba cha kulala. Tulitundika blanketi ukutani ili sauti isirudi-rudi, tukafunga dirisha, tukatoka jasho sawa watu wanaochoma matofali. Programu ilikuwa Audacity, ile ya bure iliyotoka mwaka 2000 kwa mikono ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani. Mtu alituletea ndani ya kle ya USB, sababu intaneti ilikuwa mbali.

Zamani mtu wa ndani kama sisi, akitaka sauti yake ibaki, alipashwa kusafiri hadi mjini. Studio ya Ngoma ilianza Léopoldville mwaka 1948, na kutoka huku mpaka kule si safari ya mchezo. Ao sivyo, ungoje mgeni apite na mashini zake, sawa Hugh Tracey alivyopita upande wa mashariki wa Kongo mwaka 1952. Sauti alizobeba zimehifadhiwa katika maktaba ya ILAM, aliyoianzisha mwaka 1954 kule Afrika ya Kusini. Kwa hiyo siku tulipoona mistari ya sauti inatembea kwenye kioo, ndani ya chumba chetu, tulisema: sasa hatungoji tena mtu.

Kwanza tulirekodi nyimbo za koro, na kazi ilienda vizuri. Halafu tukaona ni lazima tushike na mambo ya mababu. Njo tukafikiri lokombe.

Kwa wale waliokulia mjini, tueleze kidogo. Lokombe ni ngoma isiyo na ngozi. Fundi anachukua gogo moja la mti, analichonga kuwa pana chini na jembamba juu, kisha analitoboa ndani kupitia ufa mwembamba tu. Ufa huo una midomo miwili. Mmoja ni mnene kuliko mwenzake, kwa hiyo mmoja unatoa sauti ya chini, mwingine sauti ya juu. Inapigwa kwa fimbo mbili zenye mpira kichwani. Tena Kikusu, sawa Kitetela ndugu yake, ni lugha ya kupanda na kushuka: ukibadilisha sauti, unaweza kuwa umebadilisha neno. Lokombe inachukua kule kupanda na kushuka kwa neno, inaacha herufi. Lakini maneno mengi yanapanda na kushuka sawasawa. Ndiyo maana ngoma haitaji jina kwa ufupi. Inaongeza sifa, inazungusha, mpaka msikilizaji asiweze kukosea. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema. Lakini wazee wetu hawakuhitaji kitabu.

Mwaka huohuo wa 2010 kulitokea kilio. Mpiga lokombe, tutamwita Papa tu, alikaa uwanjani tangu jioni akitangaza aliyekufa: jina lake, ukoo wa baba yake, ukoo wa mama yake, na kijiji alichotoka. Kule kwetu na upande wa Sankuru kilio ni shule ya muziki. Hata Papa Wemba, aliyezaliwa Lubefu mwaka 1949, alianza kuimba kwa kumfuata mama yake, aliyekuwa mwimbaji wa vilio. Sisi tuliomba ruhusa kwa familia, tukaweka mikro karibu kabisa na ngoma, kiasi cha kiganja kimoja, tukawasha grupe nyuma ya nyumba. Tulirekodi kama dakika 40.

Asubuhi tulisikiliza, hatukupendezwa. Grupe ilikuwa inanguruma chini ya kila kitu. Nyenje walikuwa wanalia. Mama wengine walikuwa wanalia juu ya ngoma. Na kwa mbali kulikuwa na mapigo mengine madogo-madogo tuliyoyaona kuwa uchafu. Tukasema: tusafishe.

Tueleze makosa yetu moja kwa moja, maana kila anayerekodi nyumbani anaweza kuyafanya.

La kwanza, mikro ilikuwa karibu mno. Pigo lilipokuwa kali, mstari ulipanda mpaka juu ya kioo na kukatwa kichwa, sawa nyasi zilizofyekwa. Sauti iliyokatwa vile hairudi tena.

La pili, ili tuondoe mngurumo wa grupe, tulipunguza sauti zote za chini. Mngurumo ulikwenda, lakini mdomo wa sauti ya chini wa lokombe ulikwenda pamoja nao. Ngoma ya sauti mbili ikabaki kama ngoma ya sauti moja.

La tatu, tulitumia ile dawa ya kuondoa makelele. Unaionyesha programu kipande kisicho na muziki, unaiambia: hiki ni uchafu, kitafute popote kilipo. Ikafagia nyenje, ikafagia na yale mapigo madogo ya mbali.

La nne, tuliona Papa hapigi sawasawa. Mara anakimbia, mara anangoja. Tukakata mapigo, tukayasogeza moja moja mpaka yaangukie kwenye tiki-taka ya mashini. Kisha, ili vijana wapende, tukaweka chini mdundo wa kuchezea.

La tano ndilo kubwa. Muziki usiobanwa, wa njia mbili, wenye vipimo 44,100 kwa sekunde, unakula karibu megabaiti 10 kwa kila dakika. Diski yetu ilikuwa imejaa. Tukaibana kazi yetu iwe MP3, karibu megabaiti moja kwa dakika, halafu tukafuta ile ya kwanza.

Tuliituma Kindu kwa kadi ndogo ya telefone, kwa ndugu za marehemu ambao hawakuweza kufika. Walikusanyika, wakaiweka kwenye bafule. Tulisikia baadaye namna ilivyokuwa. Vijana wakaanza kutikisa mabega. Mzee mmoja wa familia, aliyekuwa amekaa na leso tayari mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Sasa nani alikufa?"

Neno lile lilitufikia Tunda likatuchoma. Kilio kilikuwa cha dada yake. Ngoma ile kazi yake ilikuwa moja tu, kusema jina la mama yule, na sisi tulikuwa tumeinyamazisha.

Tukachukua kuku na chumvi, tukaenda kwa Papa kuomba radhi. Alitaka kwanza asikie. Alisikiliza kwa kaske, macho chini, muda mrefu. Halafu akasema: "Batoto yangu, hii ngoma iko inalia, lakini haisemi. Mulikata kinywa yake."

Tukamweleza juu ya makelele tuliyoondoa. Akauliza ni makelele gani. Tukasema, nyenje, na mapigo fulani ya mbali. Papa akashika kichwa. Mapigo yale ya mbali yalikuwa mwenzake wa kijiji cha pili. Alikuwa anajibu kwamba wamesikia, na kwamba watafika kulipokucha. Sisi tulikuwa tumefagia jibu! Na pale tulipoona Papa anangoja, kumbe alikuwa anamsikiliza mwenzake.

Tukamwomba arudilie kupiga ile ya kilio, safari hii tutaishika vizuri. Akatuangalia. "Munapenda niue nani leo?" akasema. Ngoma ya kilio kwake haikuwa wimbo. Kuipiga bila maiti ilikuwa kumwita mtu afe. Tulisihi, hakukubali. Basi, kile tulichokifuta kilikuwa kimekwisha.

Lakini hakutufukuza. Alisema atatupa vitu viwili. Kwanza, angepiga zile zinazoruhusiwa: kuita watu kwenye mkutano, kumpokea mgeni, kuwaita wawindaji warudi, na majina ya ngoma ya watu walio hai. Pili, maneno ya kilio angetupa kwa kinywa tu, bila fimbo.

Safari hii yeye ndiye aliyekuwa enjenyere. Grupe ilibaki nyumbani. Tulitumia batri ya motokari. Tulipotaka kuweka mikro karibu, alikataa. "Ngoma haisemi na mwenye anaipiga," akasema. "Iko inasema na mwenye iko mbali." Tukamwachia uwanja, sisi tukarudi nyuma hatua tatu, halafu hatua kumi, halafu mpaka ng'ambo ya kijito, ambapo mtu wa shamba angekuwa amesimama. Pale ng'ambo tulisikia kitu ambacho karibu hatukukisikia: midomo miwili imeachana wazi, ya chini huku, ya juu kule. Tukarekodi mara mbili, hatua tatu na ng'ambo ya kijito. Tukaacha nafasi juu ya mstari ili pigo kali lisikatwe kichwa. Hatukusafisha kitu. Nyenje wamo mpaka leo.

Baada ya kila pigo, Papa alisema maneno yake kwa kinywa, kwa sauti ileile ya kupanda na kushuka, na mpwa wake aliandika kwenye kaye. Kazi ilituchukua jioni tano. Mwisho alitupa maneno ya kilio, polepole, akiwa amekalia mikono yake.

Papa alikufa mwaka 2017. Jioni ile nani angepiga? Mpwa wake alijua kupiga za mkutano, lakini ya kilio hakuwahi kuishika, kwa kuwa mjomba wake aliipiga mwenyewe siku zote. Alifunga kaye, akaweka kaske, akasikiliza kinywa cha mjomba wake zaidi ya saa moja. Kisha akachukua fimbo.

Tulisimama ng'ambo ya kijito, palepale. Hatukurekodi. Kulikuwa na mama mmoja mzee anarudi shambani na kikapo kichwani. Ngoma ikaanza, akasimama. Ikaendelea, akashusha kikapo chini. Kabla haijafika mwisho alishaanza kulia, na katika kilio chake alilitaja jina la Papa, pamoja na lile la mama yake Papa ambalo sisi wenyewe hatukulijua. Baadaye tulimuuliza kama kijana alipiga vizuri. Akasema: "Alijikwaa pahali pamoja, kwa ukoo wa baba. Lakini nilisikia."

Wasomaji, hatusemi mashini ni mbaya. Kule Kinshasa kundi la Kasai Allstars, lenye wanamuziki Waluba, Wasongye, Walulua, Watetela na Waluntu, lilirekodiwa na Mbelgiji Vincent Kenis kwa ordinatere ya kubeba, na albamu yao ya mwaka 2008 ilisikilizwa na watu wa nchi nyingi. Bila mashini, mpwa yule angetoa wapi sauti ya mjomba wake? Tunachosema ni hiki: mashini inashika sauti, haishiki maana. Haijui kama mapigo madogo ya mbali ni uchafu ao ni jibu. Anayejua ni mtu, na mtu yule anazeeka.

Kwa hiyo tunawaomba vijana, hasa wale wenye telefone nzuri kuliko ordinatere yetu ya zamani, mambo machache. Kabla hujarekodi, muuliza mzee msikilizaji anasimama wapi, na wewe usimame pale. Muuliza pia ni kipi hakipigwi bure. Mwombe aseme kwa kinywa kile ngoma imesema, na uandike. Sauti ya kwanza usiiguse: fanya kazi juu ya nakala, na ile ya kwanza iweke sehemu mbili, nyumba mbili, kwa watu wawili. Diski ikijaa, tafuta nyingine, ao ufute nyimbo zako mwenyewe kwanza. Na ukimaliza, irudishe kwa mzee asikie, mbele ya watu wengine wote. Akisema ngoma inalia lakini haisemi, uanze upya.

Ile MP3 yetu ya 2010 bado tunayo. Mara moja kwa mwaka tunaifungulia vijana wanaokuja kujifunza, tunawauliza: ngoma hii inasema nani alikufa? Hakuna aliyewahi kujibu. Kisha tunawafungulia ile ya ng'ambo ya kijito.