Toka Luano mpaka Ndola

Yaya yangu aliolewa Ndola, Zambia, tangu zamani. Usiku mmoja habari ikafika kwamba amelala katika Bwana, na mazishi ni kesho saa nane ya mchana. Kijana mmoja wa korali akaleta atlasi yake ya shule, akaweka rula juu ya karata. «Baba pasta, ni sentimeta mbili tu. Iko hapa karibu!»

Hakukosea. Kwa njia ya anga, toka uwanja wetu wa Luano mpaka uwanja wa Ndola ni karibu kilometa 200. Ndege ndogo yenye kukimbia kilometa 400 kwa saa ingemaliza safari kwa nusu saa hivi. Hata saa haibadiliki: Lubumbashi na Ndola ni saa moja, lakini Kinshasa, mji mkuu wetu wenyewe, iko nyuma saa moja. Basi, ndege ya moja kwa moja hatukupata. Kuna njia ya kuzunguka kwa Addis Abeba, kupanda zaidi ya kilometa 2000 na kushuka tena kilometa zile zile. Bei yake niliuliza, nikanyamaza.

Tukakamata barabara saa kumi na moja ya asubuhi, mimi na yule kijana. Kilometa karibu 90 mpaka Kasumbalesa zilipita vizuri. Pale ndipo rula ilipovunjika. Kamyo za shaba zimepangana mpaka macho yanachoka; madreva wanapika bukari chini ya magari yao, maana wengine wamelala pale siku nyingi. Mstari wa paspoti, mstari wa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tena mstari mwingine. Tulivuka saa sita ya mchana.

Ng'ambo, magari yanapita kushoto. Kijana akapiga kelele, alifikiri dreva amelewa! Chililabombwe, Chingola, Kitwe: migodi kama kwetu, Kibemba kama kwetu.

Karibu na Ndola nikamwonyesha upande wa pori. Tarehe 17 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitoka Léopoldville kuja hapa kuonana na Tshombe, ili vita ya Katanga isimame. Tshombe alitoka karibu, kwetu, akafika mbele. Ndege ya Hammarskjöld iliepuka anga ya Katanga kwa sababu ya ndege ya vita, ikazunguka mbali upande wa mashariki, zaidi ya saa sita angani. Ikaanguka kisha katikati ya usiku, kilometa karibu 15 tu kabla ya uwanja. Watu 16 walikuwa ndani, hakuna aliyepona. Kijana akauliza kama Tshombe alingojea. Alingojea, ndiyo.

Siku hizi Ndola ina uwanja mpya, uliofunguliwa 2021, wenye jina la Simon Mwansa Kapwepwe. Ni mzuri sana, watu wanasema. Sisi hatukuwa na wakati wa kuutazama.

Tulifika saa tisa na nusu. Watu walikuwa wanarudi toka makaburini, wananawa mikono mu beseni mbele ya nyumba. Shemeji akanishika mkono, hakuniachilia. Akaniuliza tulitoka Lubumbashi siku gani.

Nikamwambia, leo asubuhi.