Madamu wa Segera, Tasnifu Yake na Jina la Bibi Ambalo Halikuwepo

Msimu wa mahafali ukifika, wadau, simu zinajaa majoho. Kila ukifungua Instagram ni kofia hewani, maua shingoni na "Mungu ni mwema" chini ya picha. Hakuna anayeposti pambizo la kushoto la karatasi. Hakuna anayeposti usiku ambao namba za kurasa ziligoma kukaa sawa mpaka mtu mzima akatoka nje kulia.

Kisa hiki ni cha mwalimu mmoja wa sekondari pale Segera. Jina kapuni. Wanafunzi wake wanamwita Madamu, basi na hapa abaki Madamu.

Segera umepita tu, hata kama siku hiyo ulikuwa umelala kwenye siti. Ni ile njia panda ya Handeni ambapo basi linalotoka Dar kupitia Chalinze linaamua: kulia ni Hale, Muheza hadi Tanga mjini, kushoto ni Korogwe, Mombo na kuendelea hadi Moshi na Arusha. Wauza machungwa wanakimbilia madirisha, abiria wananyoosha miguu, konda anapiga kelele, gari linaondoka. Wengi wanadhani hapo hakuna kinachoendelea zaidi ya hayo. Kumbe kuna watu wanafundisha mchana na kusoma masta usiku.

Madamu alikuwa mmoja wao. Kusoma huku unafanya kazi siyo jambo geni Tanzania. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa kulenga hasa watu wa namna hiyo, na vyuo vingine navyo vina programu za jioni na za likizo. Yeye alisoma chuo kimoja (nacho kapuni) masta ya Kiswahili, na tasnifu yake aliiandika kwa Kiswahili. Ndiyo, inawezekana. Na kurasa zake za mwanzo zina majina matamu kuliko yale ya Kiingereza: ithibati, ikirari, tabaruku, shukurani, ikisiri.

Mada yake ilikuwa nyimbo za Kizigua za wanawake, zile za kutwanga na za kubembeleza watoto. Kwa nini Kizigua? Kwanza ni lugha ya nyumbani kwao Handeni. Pili, ina historia ambayo watu wengi wa mjini hawaijui. Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani wakapelekwa mpaka Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji vyao kandokando ya mto Juba, na lugha ikaishi huko vizazi na vizazi. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, wengine walikimbia na kurudi Tanzania, na baadaye wakapewa makazi Chogo, hapohapo wilayani Handeni, na uraia pia. Wengine walipelekwa Marekani. Yaani kuna mtu yuko Marekani leo anaongea Kizigua, na kuna mtoto wa Kabuku ambaye hata salamu ya Kizigua inamshinda. Hicho ndicho kilichomsukuma Madamu.

Mtu wa kwanza aliyemrekodi alikuwa bibi yake mzaa mama, mkulima wa mahindi upande wa Kabuku. Bibi alikuwa na nyimbo kichwani kama mtu mwenye daftari. Anaanza moja, katikati anacheka, anasema "hii siyo ya kuimba mbele ya wanaume," halafu anaimba tu.

Miaka miwili ikaenda. Sura zote tano zikaisha. Siku moja ikaja barua pepe kutoka kwa msimamizi wake, fupi kama meseji ya mtu aliyeishiwa bando: maudhui mazuri, ila muundo haujafuata mwongozo, rekebisha na uwasilishe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni.

Siku tisa.

Hapo ndipo wengi wanapoteza. Ukikosa tarehe unalipa ada ya muhula mwingine, na joho linasubiri mwaka kesho. Ada ya Madamu ilitoka kwenye kikoba cha walimu, kwa mkopo, na marejesho yalishaanza. Hakuwa na muhula mwingine mfukoni.

Mwongozo wenyewe unaonekana mwepesi ukiusoma. Herufi Times New Roman saizi 12. Nafasi mbili kati ya mistari. Pambizo la kushoto liwe pana kuliko mengine, kwa sababu kitabu kikishabanwa ule upande unamezwa. Kurasa za mwanzo zitumie namba za Kirumi ndogo, halafu sura ya kwanza ianze na 1. Majedwali yawe na namba na orodha yake. Marejeleo yapangwe kwa alfabeti. Rahisi, siyo?

Tatizo ni kwamba Madamu aliandika tasnifu nzima kama mtu anayetumia taipureta. Kila kichwa cha habari alikikoleza kwa mkono. Ukurasa mpya aliupata kwa kubonyeza Enter mpaka afike chini. Na ile kurasa ya Yaliyomo, jamani, alizipiga nukta moja moja mpaka zifike kwenye namba. Akiongeza aya moja sura ya pili, kila namba ya mbele inakuwa uongo. Nyimbo alizipanga safu mbili, Kizigua kushoto na Kiswahili kulia, kwa kubonyeza nafasi. Alipofungua faili kwenye kompyuta nyingine, Kizigua kikaingia kwenye Kiswahili kama abiria wa Mkata kwenye siti ya mtu wa Tanga.

Kwenye grupu la WhatsApp la wanamasta kulikuwa na kaka mmoja anayejiita mtaalamu. Alimfuata pembeni: "Dada, nitumie faili na hela kidogo, nakupangia yote, na sura ya tano naiandika upya ipendeze." Watu kama hao wapo, na wateja wao wapo. Madamu aliangalia ile meseji muda mrefu. Usiku, ukiwa umechoka, kitu kama hicho kinaonekana ni msaada. Lakini sura ya tano ndiyo alimosema nyimbo za bibi yake zina maana gani. Mtu wa kwenye grupu angejulia wapi? Akafuta meseji, akachukua fleshi, akaenda steshenari.

Steshenari ile ni kibanda cha kawaida: mashine ya fotokopi, kompyuta moja, picha za paspoti ukutani. Anayeiendesha ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, shule ileile ya Madamu. Matokeo yake hayakuwa ya kusimulia kwa wageni. Madamu mwenyewe alishawahi kumtoa darasani kwa kusinzia kipindi cha fasihi.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba mwanangu. Naomba uniprintie hii, ila kwanza niangalizie, Yaliyomo yanakataa."

Dogo akafungua. Akakaa kimya. Akatembeza panya chini, juu, chini tena.

"Madamu, hizi nukta umezipiga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote."

Hakucheka. Angeweza kucheka, na hakucheka. Akavuta stuli akamkaribisha akae, akaanza kumwonyesha. Kichwa cha sura unakipa mtindo wa kichwa, siyo kukikoleza tu, ili programu ijue hiki ni kichwa. Kati ya shukurani na sura ya kwanza unakata sehemu, ndipo namba za Kirumi na za kawaida zinaishi nyumba tofauti bila kugombana. Nyimbo unaziweka kwenye jedwali lisiloonekana mistari, kila wimbo chumba chake. Halafu Yaliyomo unaiambia programu ijitengenezee yenyewe.

"Umejifunzia wapi haya?" Madamu akauliza.

"YouTube. Usiku bando la ofa."

Jioni tatu mfululizo, baada ya vipindi, mwalimu alikuwa mwanafunzi. Wateja wa fotokopi wakija wanasubiri. Siku ya tatu Yaliyomo ikajipanga yenyewe, na Madamu alipiga makofi peke yake mle kibandani.

Ndipo dogo, akisoma kurasa za mwanzo kuhakikisha namba ziko sawa, akauliza swali ambalo halikuhusu muundo: "Madamu, hapa kwenye shukurani kuna msimamizi, kuna mkuu wa shule, kuna shemeji. Bibi aliyeimba yuko wapi?"

Bibi alikuwepo. Alikuwa anaitwa Mtoa Taarifa 4.

Hiyo ndiyo taratibu, na ina sababu nzuri. Mtafiti anatakiwa kulinda watu waliompa habari, wasije wakapata madhara kwa walichosema. Kwa hiyo majina yanafichwa na mtu anakuwa namba. Kila mhojiwa alisaini fomu ya ridhaa. Bibi aliweka dole gumba. Madamu alifuata sheria sawasawa. Lakini swali la dogo lilikaa naye mpaka asubuhi.

Jumapili akapanda gari hadi Kabuku, kisha bodaboda, na nakala ya rasimu kwenye mfuko wa rambo. Bibi hajui kusoma zaidi ya jina lake. Akaipokea ile rasimu kwa mikono miwili, akaipima uzito.

"Mke mwenzangu," akamwambia mjukuu wake, maana ndivyo anavyomwita tangu mdogo, "jina langu limeandikwa wapi hapa?"

Madamu akaeleza. Faragha, usalama, maadili ya utafiti, namba nne. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Anayefichwa jina ni mwizi. Mimi nimeiba nyimbo za nani?"

Hakukasirika. Aliuliza tu, kisha akaingia ndani kupika. Ila alipotoka na ugali hakuimba, naye ni mtu wa kuimba akipika.

Jioni Madamu akampigia msimamizi, mkono unatetemeka, akitegemea kuambiwa asimpotezee muda. Msimamizi akamwambia jambo ambalo wanafunzi wengi hawaliulizi: faragha ni haki ya mtoa habari, siyo kifungo chake. Kama mwenyewe anataka atajwe, na nyimbo ni zake, na kutajwa hakumdhuru, aandikiwe ridhaa nyingine inayosema hivyo. Wengine wabaki namba. Yeye aandikwe.

Kesho yake Jumatatu, alfajiri, kabla ya vipindi, Madamu alikuwa tena Kabuku na fomu mpya na wino. Bibi akaweka dole gumba, akaomba aweke mara mbili ili isije ikafutika.

Sasa hesabu. Jina liingie kwenye shukurani, liingie sura ya tatu panapoelezwa mbinu za utafiti, liingie chini ya kila wimbo wake. Kurasa zote zinasogea. Wiki moja nyuma, kazi hiyo ingemaanisha kupiga nukta upya usiku kucha. Safari hii dogo alibonyeza mara moja, Yaliyomo ikajisahihisha, namba zikakaa.

Umeme ukakatika Jumatano mchana, mashine ikiwa imetoa nusu. Ukarudi saa tatu usiku. Nakala zikabanwa alfajiri ya Alhamisi, faili likahifadhiwa kwa PDF ili herufi zisitembee, likatumwa kwa barua pepe. Za karatasi zikafungwa kwenye bahasha kubwa, zikakabidhiwa konda wa basi la Dar pale njia panda, na namba ya simu ya mpokeaji imeandikwa pande zote mbili. Hapo ndipo faida ya kuishi Segera: kila basi linapita. Mwenzake wa darasani akaipokea stendi ya Magufuli, Mbezi, na Ijumaa kabla ya saa kumi ikawa ofisini ina muhuri.

Watahini walirudisha na marekebisho, kama kawaida yao. Akarekebisha. Kikatoka kitabu chenye jalada gumu, nakala moja ya ziada ikaenda Kabuku. Bibi alifunguliwa ukurasa wa shukurani, akaweka kidole kwenye jina lake akalisoma herufi kwa herufi, polepole, mpaka likaisha. Akasema limeandikwa vizuri. Akauliza kama wale wa Marekani wanaoongea Kizigua watakiona. Madamu akamwambia tasnifu siku hizi zinawekwa kwenye maktaba za mtandaoni, kwa hiyo wakitafuta, watakiona.

Dogo naye yumo kwenye shukurani, mstari mmoja, baada ya mkuu wa shule. Walimu wengine wanaosoma wameshaanza kumletea fleshi zao. Bei amepandisha kidogo, ila nukta za mkono anazitoa bure.

Kwa wanaoandika sasa hivi: vichwa vya habari vipeni mtindo tangu ukurasa wa kwanza, faili liwe sehemu tatu tofauti, na msisubiri wiki ya mwisho kusoma mwongozo wa chuo chenu. Na ukifika ukurasa wa shukurani, andika taratibu. Nani alikupa habari, na yeye mwenyewe anataka aitweje? Umeshamuuliza?