Kamba ya Mei Mosi

Ntobeye tulikuwa watumishi wachache, na kila mmoja alikilinda cheo chake. Kilichotukutanisha ni kuvuta kamba, mchezo ambao watumishi wa wizara huushindania kwenye SHIMIWI pamoja na bao na karata. Anayedhani ni nguvu tu, ndugu msomaji, hajawahi kuvuta. Mmoja akivuta kabla ya hesabu, wote huteleza. Lazima awepo mtu wa kuhesabu, na kwetu mwenye sauti ya kutosha alikuwa mlinzi wa shule. Mwalimu mkuu akavuta kwa amri yake! Wiki iliyofuata mzee yule aliingia ofisini, akatuambia sote kwamba mchwa wanakula mbao za paa juu ya vichwa vya watoto. Zamani asingethubutu. Zilibadilishwa kabla ya mvua za Septemba.