Paka Wetu Kipusa na Dawa Tuliyompa Bila Kuuliza



Ndugu wasomaji, leo tunawasimulia kisa cha nyumbani kwetu. Si kisa cha kujivunia. Tunakiandika kwa sababu nyumba nyingi za Waislamu zina paka jike, na huenda wengine wanafanya kosa lile lile tulilolifanya sisi.

Tunakaa Buyenzi, mjini Bujumbura, si mbali na soko la Ruvumera. Binti yetu alimuokota Kipusa akiwa mdogo, macho yamejaa tongotongo, chini ya meza ya muuza ndagala. Tulimpokea bila mjadala. Nani katika sisi hajasikia kisa cha Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akamweleza mke wa mwanawe kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi? Na nani hajasikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie? Watoto walijifunza visa hivi madrasa. Sisi tulidhani haki ya paka ni chakula tu.

Alipofika kama miezi sita, Kipusa alianza kulia usiku kucha. Alijibiringisha sakafuni na kuinua mkia, na madume ya mtaa mzima yakajipanga juu ya ukuta. Baada ya muda tumbo likaonekana, akazaa watoto wanne. Watoto wetu walifurahi mno. Lakini walipoacha kunyonya hatukupata wa kuwachukua. Tukabaki na mmoja, jike, na hao watatu tukawapeleka sokoni ndani ya boksi, tukawaacha karibu na wauza samaki. Tulijiambia kwamba riziki yao iko kwa Allah (s.w.). Ni kweli riziki iko kwa Allah, lakini lile boksi tulilibeba sisi. Binti yetu alirudi kesho yake kuwaangalia, hakuwakuta. Hakutuuliza kitu, nasi hatukumwambia kitu.

Haukupita muda mrefu, Kipusa akaanza tena kulia. Ndipo bibi mmoja jirani yetu, anayetupenda kama wanawe, akatushauri: "Wanangu, mbona mnajitesa? Mpeni kidonge cha uzazi wa mpango, mkifiche ndani ya samaki. Atatulia." Tulikwenda dukani tukanunua. Muuzaji hakuuliza dawa ni ya nani, nasi hatukusema. Kweli kelele zikakoma. Tukaendelea hivyo miezi kadhaa, tukiona tumepata njia rahisi isiyo na gharama.

Siku moja tulimkuta Kipusa anakunywa maji kwenye ndoo ya udhu. Baba akatabasamu, akainamisha ndoo ili anywe vizuri, akawakumbusha watoto kisa cha Abu Qatada. Akanywa, akanywa, akarudi tena baada ya muda mfupi. Kesho yake vile vile. Tulifurahia kufuata mwendo wa Sahaba, kumbe ile kiu ilikuwa ugonjwa unatuita. Siku ya tatu aliacha kula, akatapika, tumbo likavimba na kuwa gumu. Mmoja wetu alishika Panadol akitaka kumpa nusu ya kidonge. Alhamdulillah hakumpa, kwa sababu baadaye tuliambiwa kuwa Panadol ni sumu kwa paka, hata kwa kiasi kidogo.

Tulimfunga ndani ya kikapu tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Alimshika tumbo taratibu, kisha akauliza, "Mama, kuna dawa yoyote mliyompa?" Tukatazamana. Mama ndiye aliyesema. Daktari hakutugombeza. Alikaa chini akatueleza, na tunayaandika hapa kwa faida ya wote.

Paka jike anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi minne au mitano tu. Kinacholiamsha joto lake ni mwanga wa mchana. Ulaya, majira ya baridi, siku huwa fupi na majike wengi hupumzika. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mapumziko. Joto hudumu kama wiki moja, na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Akipandwa, hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, na anaweza kushika mimba nyingine hali bado ananyonyesha.

Vile vidonge, na pia sindano za namna hiyo, vina homoni zinazoudanganya mwili. Ukuta wa mji wa mimba hunenepa, kinga yake hupungua, na vijidudu vikipanda kutoka nje vinapata mahali pa kuzaliana. Matokeo yake mji wa mimba hujaa usaha. Ugonjwa huu unaweza kumpata hata paka ambaye hakupewa dawa, hasa wiki chache baada ya joto, lakini dawa hizo huongeza hatari. Tena huongeza hatari ya saratani ya matiti, ambayo kwa paka mara nyingi ni ile mbaya inayosambaa. Wakati mwingine usaha hutoka nje, ila paka hujilamba na mwenyewe asione. Mlango wa kizazi ukiwa umefunga, usaha haupati pa kutokea, na hapo mnyama anaweza kufa kwa muda mfupi. Kipusa alikuwa wa namna hiyo.

Dawa peke yake isingetosha. Aliwekewa dripu, akapigwa sindano za kuua vijidudu, kisha akapasuliwa na kutolewa kizazi chote. Fedha tulizolipa tulikuwa tumeziweka kwa nguo za Idi. Tulipowaeleza watoto, binti yetu alisema, "Basi tuvae za mwaka jana." Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tukimuomba Allah amponye, na papo hapo tukimuomba atusamehe, kwani ni mikono yetu iliyompa ile dawa. Siku ya nne alikula kipande cha mukeke. Alhamdulillah, yu hai mpaka leo.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Nyumbani alikuwepo yule binti yake, mzima wa afya, amekaribia miezi mitano. Kwa Kipusa hapakuwa na swali, kwani ule ulikuwa ugonjwa na tiba yake. Je, huyu mzima tumpasue? Si kubadilisha maumbile aliyoumba Allah? Safari hii tuliamua kuuliza kabla ya kutenda. Baada ya swala ya Alasiri tukamwendea sheikh wetu.

Alituambia suala hili wanavyuoni wamelitofautiana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam an-Nawawi ni mkali: mnyama asiyeliwa hahasiwi. Wanavyuoni wa Hanafi wameruhusu kuhasi mnyama pakiwa na manufaa. Katika wa zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alisema kuwa paka wakizidi na kuleta madhara, na upasuaji usiwadhuru, hakuna ubaya, na ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Kisha sheikh akatuuliza, "Wale watoto wa kwanza mliwapeleka wapi?" Tukanyamaza. Akasema, "Basi mnajua haja yenu ilipo. Ikiwa mnaweza kuwalea watakaozaliwa au kuwapatia nyumba, mwacheni azae. Ikiwa hamwezi, msimfanyie la kumwumiza, na msiwatupe viumbe wa Allah."

Hatukuweza, na tulijijua. Tukampeleka kwa daktari. Hatuwalazimishi wengine, kila nyumba imuulize mwanachuoni inayemwamini.

Haya ndiyo tunayowausia:

1. Usimpe paka dawa ya binadamu, iwe ya kuzuia mimba au ya maumivu, bila kumwuliza daktari wa mifugo.

2. Amua mapema, kabla hajafika miezi mitano. Paka aliyetolewa kizazi mapema hapati ugonjwa wa usaha, na hatari ya saratani ya matiti hupungua sana.

3. Ukiona anakunywa maji kupita kawaida, hali, anatapika, tumbo limevimba au anatokwa na uchafu wenye harufu, mpeleke siku hiyo hiyo.

4. Kabla ya upasuaji fuata maelezo ya daktari kuhusu kumnyima chakula. Baada yake mweke ndani, mahali pakavu, kwa siku 10 hadi 14, na umzuie kulamba nyuzi.

5. Mkiamua azae, tafuteni wa kuwachukua watoto kabla hawajazaliwa. Msisahau chanjo ya kichaa cha mbwa.

Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa wanyama ni umma kama sisi. Tuliisoma aya hii mara nyingi. Sasa kila Kipusa anapokuja kwenye ndoo ya udhu tunamwinamishia kama zamani, ila tunahesabu amekunywa mara ngapi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kutenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.