Tairi Nne au Mbili: Kutoka Daftari la Mnunuzi wa Gari

2 Novemba

Yamebaki mawili. Impreza WRX ya mwaka 2003, buluu, namba C, ipo kwa muuzaji wa Kinondoni. Altezza RS200 ya 2001, rangi ya fedha, nayo namba C, ni ya mtu binafsi Tabata. Bei zinakaribiana mno, kwa hiyo hazitanisaidia kuamua. Injini zote mbili ni lita 2.0, na zote ni za gia za mkono. Impreza ina turbo na nguvu za farasi 250, ni fowili muda wote, haina kitufe cha kuizima. Altezza haina turbo, ina farasi 210 na gia sita, na nguvu yote inakwenda tairi za nyuma.

Mke wangu aliuliza jambo moja tu: "Baba watoto, kwani gari la kawaida lina kosa gani?" Nikamwambia haya yote yana milango minne na viti vitano. Akasema hata Noah ina viti, tena vingi zaidi. Mjadala ukaishia hapo kwa leo.

4 Novemba

Shemeji kapiga kutoka Arusha. Kwake yeye gari ni Subaru, mengine ni usafiri. "Shem, hili nalo ni la kujadili? Taja gari la kusukuma nyuma lililoshinda Safari Rally."

Nikamtajia. Audi walileta Quattro mwaka 1980, na fowili ikageuza rali za Ulaya juu chini. Lakini Safari, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na huku kwetu Tanganyika, haikusalimu amri haraka. Shekhar Mehta alishinda mfululizo 1979 hadi 1982 akiwa na Datsun za kusukuma nyuma. Mwaka 1983 akashinda Ari Vatanen na Opel Ascona, ya nyuma pia. Halafu Celica ya turbo, ya nyuma vilevile, ikabeba miaka mitatu: Björn Waldegård 1984, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Audi walikuja kushinda 1987, Hannu Mikkola akiwa na Audi 200 Quattro. Rali ile ilikuwa maelfu ya kilomita za mawe, vumbi na matope. Kasi ilikuwa na maana kwa gari lililofika.

"Na baada ya 1987?" akauliza.

Hapo amenishika. Kuanzia mwaka huo hadi 2002 kila mshindi alikuwa na fowili, akiwemo Colin McRae na Impreza mwaka 1997. "Basi umejijibu," akasema, akakata simu.

Sijajijibu. Wenye viwanda wenyewe hawana ushabiki wa namna hii. Subaru, mabingwa wa fowili, mwaka 2012 walitoa BRZ ya kusukuma nyuma, wakaiunda kiwanda kimoja na Toyota 86 huko Gunma. Toyota, waliowatesa Quattro kwa gari la nyuma, mwaka 2020 wakatoa GR Yaris ya fowili. Kila mmoja aliangalia kazi iliyo mbele yake. Dereva wa rali anatafuta sekunde. Mimi natafuta nini? Sijaandika popote.

7 Novemba

Kwa fundi, Ilala. Nilimwambia sitaki ushabiki, nataka gharama.

"Bosi, wewe ni mtu wa kununua tairi mojamoja?"

Nani Dar si mtu wa tairi mojamoja? Ukipata pancha isiyozibika unachukua mtumba, unafunga, maisha yanaendelea. Kwa Altezza hiyo inavumilika, mradi za nyuma zifanane. Kwa WRX haifai. Tairi mpya ina duara kubwa kuliko iliyolika, kwa hiyo kila kilomita inazunguka mara chache kuliko wenzake. Difu ya katikati haijui habari za mtumba. Inaona mizunguko imepishana, kwa hiyo inafanya kazi ya kwenye kona hata barabara ikiwa imenyooka. Inapata moto, na mwisho inakufa. Tairi za WRX zinanunuliwa nne kwa pamoja, aina moja, saizi moja, na kulika kwake kulingane.

Akaendelea kuhesabu. WRX ina difu tatu, Altezza ina moja. WRX ina shafti za mbele, za nyuma na propela; Altezza haina zile za mbele. Injini ya Subaru imelala bapa, silinda mbili kila upande, kwa hiyo uzito wake uko chini na gari linatulia kwenye kona. Lakini kubadili plagi unaanza kwa kuondoa betri na boksi la hewa.

"Altezza nayo si malaika," akasema. Injini ya RS haipatikani kwenye Toyota nyingine za mtaani, spea zake ni za kuzunguka Gerezani kwa subira. Halafu kuna vijana wa kudrifti: wanachomelea difu ya nyuma ili tairi zote mbili zizunguke sawa, kisha wanauza.

Akanipa jaribio moja la magari yote mawili. Tafuta sakafu ya zege, kata usukani hadi mwisho, zunguka taratibu sana. Altezza yenye difu iliyochomelewa itarukaruka na tairi zitalia. WRX yenye difu ya katikati iliyoganda itajifunga, utahisi kama unaendesha umekanyaga breki. Ikipita hapo, ndiyo ufungue boneti.

10 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Foleni ya Mwenge haikusogea, nikabaki na kalamu.

Hesabu ya kusimama. Kasi ya 100 kwa saa ni karibu mita 28 kila sekunde. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, ukishakanyaga breki, unasimama baada ya mita 50 hivi. Lami ikilowa na mshiko ukashuka, zinakuwa karibu 80. Na kabla ya zote hizo kuna ile sekunde ya kushtuka, mita 28 nyingine. Nilirudia hesabu nikitafuta mahali pa kuandika idadi ya magurudumu yanayosukuma. Hapapo. Kuna kasi, kuna mshiko wa tairi na barabara, basi. Breki ziko tairi zote nne katika magari yote mawili.

Nikapata na hili: kwenye lami iliyolowa, 80 kwa saa inahitaji umbali uleule wa 100 kwenye lami kavu.

Kwa hiyo fowili inaleta faida wapi? Kwenye kuondoka. Gari la nyuma linasukuma kwa tairi mbili zilizobeba karibu nusu ya uzito. Ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma kidogo na kuzisaidia, lakini kwenye utelezi bado una nusu na kitu. Fowili inatumia uzito wote. Gia ya kwanza na ya pili, kilima chenye utelezi, kutoka kwenye kona ukiwa umekanyaga: hapo WRX inaiacha Altezza mbali.

Mshiko wa tairi ni posho ya siku. Ukiitumia yote kukata kona, ya breki haipo. Fowili inagawa kazi ya kusukuma kwa tairi nne, lakini posho haiongezi.

12 Novemba

Nimempigia Mama, Kibosho. Baada ya shikamoo na habari za migomba, nikauliza hali ya njia ya kupanda nyumbani. Hoja yangu kubwa ya kununua fowili ilikuwa njia ile, wakati wa kwenda Krismasi. Udongo wake ukilowa ni sabuni.

"Mwanangu, mbona kila mwaka mnaacha magari kule chini kwenye lami?" Kisha akanipa ripoti. Noah ya jirani imekwama wiki hii, vijana wameisukuma. Kuna dokta kaja na gari dogo la fowili, nalo limekaa: tumbo limelala kwenye tuta la katikati, tairi zinazunguka hewani. Linalopita ni Landkruza la paroko. "Lile ni refu, na tairi zake zina meno."

Hoja imekufa. WRX iko chini, ni gari la lami na changarawe iliyochongwa, halina urefu wa kuvuka mifereji ya Kibosho. Njia ya nyumbani inataka kimo kwanza, tairi za matope pili, fowili tatu. Gari lolote kati ya haya mawili litabaki kwenye lami, nasi tutapanda na bodaboda kama siku zote. Nilikuwa naelekea kununua difu tatu kwa ajili ya njia ambayo gari halitaigusa.

16 Novemba

Nimeijaribu WRX, barabara ya Bagamoyo, baada ya Bunju. Mvua imekatika lakini lami bado inang'aa. Kwenye zege ilizunguka bila kujifunga.

Chini ya mzunguko 3,000 ni gari la kawaida, tena zito kidogo. Turbo ikiamka, mgongo unabanwa kwenye kiti. Nikatoka kwenye junksheni iliyolowa nikiwa nimekanyaga kuliko heshima inavyoruhusu, na haikuteleza hata chembe. Iliishika tu barabara na kwenda. Nikacheka peke yangu.

Kwenye mzunguko wa barabara nikaingia na kasi kidogo zaidi, ikaanza kusukuma pua nje. Usukani umekatwa, gari linataka kwenda mbele. Tairi za mbele zilikuwa na kazi mbili, kugeuza na kuvuta. Nikapunguza mafuta, pua ikarudi. Halikuwa jambo la kutisha. Nilichokiandika ni hiki: kabla ya pale hakuna kitu kilichokuwa kimeniambia kwamba lami inateleza.

17 Novemba

Altezza, barabara ileile, manyunyu. Kwenye zege haikuruka, difu ni nzima.

Usukani ni msafi. Tairi za mbele zina kazi ya kugeuza tu, na mikono inasikia kila kitu: rangi ya kivuko, kiraka cha lami, maji. Nguvu iko juu, kuanzia 6,000, kwa hiyo kulipita lori unashusha gia mbili na kupanga mapema. Kwenye hilo WRX ni bora, lakini hiyo ni sifa ya turbo, fowili haihusiki. Nimejitahidi nisichanganye.

Kwenye junksheni ileile nilikanyaga nusu tu ya jana na nyuma ikasogea, kidogo, kama upana wa kiganja. Nikaachia mafuta polepole, ikarudi. Polepole ndilo neno. Ukiachia ghafla katikati ya kona, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, na hapo ndipo watu wanapogeuka kuangalia walikotoka.

Kwa hiyo WRX ina uwezo mkubwa na taarifa chache. Altezza ina uwezo mdogo, na taarifa inakuja mapema, kwa kasi ndogo, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

19 Novemba

Mke wangu ameziendesha zote. Kisha akauliza swali ambalo mimi na shemeji hatukuwa tumeligusa: "Likiteleza nikiwa na watoto, lipi litanisamehe?"

Nimelifikiria kwa uzito wake. Jibu la haraka ni WRX, na kwa mtu anayekanyaga hovyo kwenye maji ni kweli. Lakini hapa nyumbani hakuna anayekanyaga hovyo akiwa na watoto; hatari yetu ni lori kusimama ghafla mbele ya Segera, au mbuzi kukatiza Mombo. Hapo jibu ni breki na tairi. Tukichukua Altezza, fedha iliyokuwa iende kwenye difu na shafti inanunua tairi nne mpya za kushika maji vizuri, na matengenezo ya breki.

Akasikiliza hadi mwisho. "Ile ya buluu nilijiona dereva hodari sana," akasema. "Na mimi si hodari kiasi kile."

Tungekuwa tunaishi kwenye theluji ya Hokkaido, au tungekuwa na njia ya changarawe ya kila siku, ningechukua WRX bila daftari. Sisi tunaishi Dar, kwenye foleni, na barabara yetu ndefu ni lami hadi Moshi, yenye trafiki wa tochi kila kijiji cha 50.

23 Novemba

Altezza. Fundi ameipandisha kwenye jeki mbele yangu: difu haina alama ya kuchomelewa, bushi za nyuma zimechoka, za kubadili. Bushi zimepunguza bei. Muuzaji amesaini, kadi ya gari inakwenda kubadilishwa jina, na nimekata bima kubwa badala ya ndogo.

Shemeji kajibu kwa sauti ndefu ya masikitiko, kisha akauliza kama atapewa aendeshe Krismasi.

Masharti, yameandikwa na mimi na mke wangu. Moja: tairi za nyuma zinabadilishwa mbili kwa pamoja, na mtumba haufungwi hata siku ya dharura, spea tairi ipo kwa kazi hiyo. Mbili: kabla ya safari tutatafuta uwanja mtupu siku ya mvua, kila mmoja ahisi nyuma ikisogea kwa 20 kwa saa, asiihisi mara ya kwanza akiwa barabara kuu. Tatu: lami ikilowa mwisho ni 80, awe nani kwenye usukani. Yeye alikuwa ameandika 90. Nilimwonyesha ukurasa wa tarehe 10, akaikata mwenyewe.