Land Rover Kuukuu Chini ya Ol Doinyo Lengai

Tulikuwa marafiki wanne na Land Rover mbili za miaka ya 1970, zenye umri kuwapita wanafunzi wangu wote. Kutoka Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron injini ilichemka mara mbili, tukapata na pancha. Tulicheka, ubovu huo ndio uliokuwa starehe yetu.

Jioni tulipiga kambi chini ya Ol Doinyo Lengai. Mzee mmoja wa Kimaasai alisimama mbali, akiyatazama magari. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, kisha akauliza: "Mmekuja kupima?"

Nilidhani hajaelewa. Kumbe asiyeelewa ni mimi. Kwangu Land Rover ni kumbukumbu ya utoto. Kwake ni gari la serikali, la mkuu wa wilaya na la askari wa wanyamapori. Na Loliondo, ambako mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 ziliwekewa vigingi, haiko mbali na hapo.

"Tumekuja kulala tu, mzee, na kuutazama mlima."

"Kulala tu?"

Tulimkaribisha chai; hakuketi. Asubuhi tulikuta alama za katambuga zimeyazunguka magari yote mawili, zikaenda hadi kwenye kila kamba ya hema, pale tulipokuwa tumechomeka vigingi vyetu.