Sakafu ya Mama na Jaribio la Nailoni

Wasomaji wangu, mniwie radhi kwa ukimya. Wiki nzima sikuandika hata mstari mmoja wa programu. Nilikuwa nimepiga magoti nyumbani Bungoma, nyundo mkononi, nikimtandikia Mama sakafu ya laminati. Digrii yangu ni ya kompyuta, si ya ujenzi! Hebu niwasimulie, huenda ikamfaa mwenye mpango kama wangu.

Kwanza, laminati ni nini? Wengi hudhani ni mbao tupu. Ndani ni nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi na joto. Juu yake ni karatasi yenye picha ya mbao, kisha tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo. Ilibuniwa na kampuni ya Perstorp ya Uswidi mwaka 1977. Zamani vipande vilipakwa gundi. Miaka ya 1990 ukaja mtindo wa kupachika ulimi kwenye mfereji, na ndiyo maana hata sisi wa kompyuta tunathubutu. Adui yake ni maji. Ikiyanywa hufura, na ikishafura hairudi.

Hilo nilijifunza kwa hasara. Mwaka jana nilitandika chumba changu Kitale kwa pupa. Nilifungua maboksi jioni ileile niliyoyanunua, nikabana vipande hadi ukutani. Kilipendeza kweli! Mvua za Aprili zilipoanza, sakafu ikainuka katikati kama mgongo wa kobe. Niling'oa karibu yote.

Sasa Mama. Simenti ya sebuleni kwake ilikuwa imepasuka, na baridi yake humpanda magotini. Tena Desemba wakwe walikuwa waje kumposa dada yangu. Nikaahidi sakafu mpya kabla ya siku hiyo. Novemba nikashuka kupitia Webuye, nikiwa na maboksi tayari.

Safari hii nilipima kwanza. Chukua kipande cha nailoni, kama mita moja kila upande, kibandike sakafuni kwa utepe kingo zote, kisha ukiache saa 24 au zaidi. Nilibandika viwili. Cha katikati ya chumba kilikuwa kikavu. Cha pembeni, karibu na ukuta wa nyuma, kilikuwa na matone kwa chini. Maji yalikuwa yakitoka kwenye sakafu yenyewe.

Fundi mmoja jirani akasema tutandike tu, nani ataona? Mama naye akaniambia, "Baba, wageni wataangalia sakafu, hawataifunua."

Nilikataa. Mama hakugomba, alinyamaza tu, na kimya kile kiliniuma kuliko maneno. Nilikuwa nimevunja ahadi kwa ajili ya matone machache.

Katika programu, hitilafu haitibiwi pale inapoonekana, bali pale inapoanzia. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya nyumba. Gata ilikuwa imeachana kwenye kiungo, maji ya mabati yote yakimwagika chini ya ukuta, na udongo ulikuwa umerundikana kupita kimo cha sakafu. Tukaunga gata, tukashusha udongo, tukachimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Maboksi yakawekwa chumbani, mahali pakavu.

Wakwe walikuja, tukatandika mikeka juu ya nyufa. Hakuna aliyeuliza habari za sakafu. Dada akaposwa.

Februari hii, kiangazi, nikarudia jaribio. Nailoni zote mbili kavu! Ndipo kazi ikaanza:

1. Ziba nyufa, acha zikauke, kisha laza ubao mnyoofu wa mita 2. Uwazi chini yake usizidi milimita 3.
2. Laza maboksi chumbani saa 48 kabla ya kuyafungua, vipande vizoee hewa.
3. Tandika nailoni, mapande yapandane sentimita 20, kisha sponji nyembamba.
4. Acha nafasi ya milimita 10 kando ya kila ukuta. Laminati hutanuka, na hapa ndipo nilipokosea Kitale.
5. Viungo vya mstari mmoja visikaribie vya mstari wa pili. Viachane angalau sentimita 30.
6. Pima upana wa chumba kwanza, ili mstari wa mwisho usiwe mwembamba chini ya sentimita 5.
7. Ubao wa kuficha nafasi ile upigiliwe ukutani, si sakafuni.

Nunua asilimia 10 zaidi, maana utakata vibaya. Mimi nilikata vibaya vipande vinne.

Jana asubuhi nilimkuta Mama akitembea sebuleni bila viatu. Hakunisifu. Aliuliza tu kama anaweza kupiga deki kwa ndoo ya maji kama zamani. Nikaruka! Hapana Mama, kitambaa kilichokamuliwa tu.

Mvua za Aprili zikianza, nitarudi kukagua ile kona ya nyuma. Nitawapa habari, iwe njema au mbaya.